AutoCAD na prosesa ya viini vingi: programu haitagawa kazi, igawe wewe

Umefungua mchoro wa megabaiti 60 kwenye AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, umeandika REGEN (amri ya kukokotoa upya mchoro mzima), mshale umegeuka duara linalozunguka na dirisha limepauka. Unafungua Task Manager ukitarajia kukuta prosesa imeelemewa. Unakuta asilimia 13.

Namba hiyo ndiyo jibu lenyewe. Kompyuta yenye viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) na nyuzi 8 (mikondo ya kazi inayoweza kwenda kwa pamoja) huonyesha asilimia 100 pale nyuzi zote 8 zinapokuwa kazini. Gawa 100 kwa 8, unapata 12.5. Kwa hiyo uzi mmoja umefika kikomo na saba zimekaa. Kwenye prosesa ya nyuzi 12 utaona asilimia 8 hivi, na kwenye ya nyuzi 16 utaona 6. Ukiona AutoCAD imeganda na matumizi yamekwama karibu na namba hizo, ujue kompyuta haijazidiwa. Programu ndiyo inayotumia uzi mmoja tu.

Wengi hupotea hapa kwa kutafuta swichi ya siri ya "kuwasha viini vyote". Swichi hiyo haipo. Ipo mipangilio michache inayosaidia kidogo, na ipo njia moja inayosaidia sana: kuipa kompyuta kazi kadhaa kwa wakati mmoja badala ya kungoja kazi moja igawanyike.

Kwa nini kazi moja haigawanyiki

Amri nyingi za kuchora hutegemeana kama kozi za tofali. Kozi ya tatu haijengwi kabla ya ya pili, hata ukiita mafundi 20. Bloku (kundi la vitu linalotumika kama kitu kimoja) iliyo ndani ya bloku haijulikani ipo wapi mpaka ile inayoibeba ipangwe. Hachi (mistari ya kujaza eneo) haikokotolewi kabla mpaka wake haujajulikana. Na hifadhidata ya mchoro wa DWG (aina ya faili la AutoCAD) haiwezi kuandikwa na nyuzi kadhaa kwa pamoja bila hatari ya kuharibika.

Hesabu yake iliwekwa wazi na Gene Amdahl mwaka 1967. Chukua sehemu ya kazi inayoweza kugawanywa, iite p, na idadi ya viini, n. Kasi huongezeka mara 1 ÷ ((1 − p) + p ÷ n). Kazi ambayo asilimia 30 tu inagawanyika, ukiipa viini 8, inakwenda kasi mara 1.36. Ukiipa viini elfu moja haifiki hata mara 1.43. Lakini kazi inayogawanyika kwa asilimia 95, kwa viini vilevile 8, inakwenda kasi karibu mara 6. Ndiyo maana ni muhimu kujua kwanza kazi yako iko kundi gani kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Pima kabla ya kubadili

Kwenye Task Manager nenda Performance, bofya kulia juu ya grafu ya CPU, chagua Change graph to, kisha Logical processors. Sasa unaona kila uzi na grafu yake. Usishangae usipoona grafu moja imejaa na nyingine tupu: Windows huhamisha uzi mmoja kutoka kiini hadi kiini mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo kazi ya uzi mmoja huonekana imesambaa kidogo kidogo kila mahali. Jumla ndiyo isemayo kweli.

Kwa muda wenyewe, bandika mstari huu kwenye mstari wa amri wa AutoCAD (toleo linalokubali AutoLISP, lugha ya kuandikia programu ndogo ndani ya AutoCAD):

(progn (setq t0 (getvar "MILLISECS")) (command "_.REGENALL") (princ (- (getvar "MILLISECS") t0)) (princ))

Inarudisha milisekunde zilizotumika. Irudie mara tatu, uchukue namba ya katikati, maana mara ya kwanza mara nyingi hubeba mzigo wa kusoma vitu kutoka kwenye diski. Iandike pembeni. Bila namba hii utabadili vitu kumi na hutajua kipi kilisaidia.

WHIPTHREAD, na madhara yake

Huu ndio mpangilio pekee wa AutoCAD unaogusa moja kwa moja viini vingi kwenye michoro ya 2D. Andika WHIPTHREAD, bonyeza Enter, kisha weka namba. 0 inazima kabisa. 1 inaruhusu REGEN pekee itumie uzi wa ziada, na ndiyo namba inayokuja na programu. 2 ni kwa kuchora upya skrini pekee, yaani unapovuta au kukuza mchoro. 3 ni vyote viwili. Namba huhifadhiwa kwenye rejista ya Windows, kwa hiyo unaiweka mara moja na inabaki kwa michoro yote.

Jaribu 3, pima tena kwa ule mstari wa juu. Kwenye mchoro mdogo hutaona tofauti. Kwenye mchoro wenye vitu vingi vya 2D unaweza kuona nafuu, ila usitegemee miujiza.

Madhara yake ni haya: ukiweka 2 au 3, mpangilio wa vitu uliouweka kwa DRAWORDER (amri ya kupanga kipi kiwe juu ya kipi) hauna uhakika wa kufuatwa kwenye skrini. Hachi ya ukuta inaweza kufunika maandishi ya chumba, au picha ya setilaiti ikapanda juu ya mipaka ya viwanja. Kwenye karatasi mpangilio unabaki sahihi, lakini anayechora haamini macho yake na anaanza kurekebisha kisichoharibika. Ukiona hivyo, rudisha 1 kabla ya kugusa kitu kingine.

Windows: mambo manne

La kwanza ni msconfig. Kuna ushauri unaozunguka kwenye mitandao: fungua msconfig, nenda Boot, Advanced options, tia alama kwenye Number of processors na uchague namba kubwa kuliko zote. Kisanduku hicho hupunguza viini ambavyo Windows itatumia. Kilitengenezwa kwa ajili ya majaribio. Kikiwa hakina alama, Windows hutumia vyote. Kama mtu alishakigusa kwenye kompyuta yako na akachagua 2, ndiyo chanzo cha uzito. Toa alama, washa kompyuta upya.

La pili ni umeme. Uzi mmoja unaobeba kazi yote unategemea kasi ya saa ya prosesa, na laptopu ikitumia betri hushusha kasi hiyo. Wakati wa mgao wa umeme, mchoro uleule unaweza kuwa mzito ghafla bila kosa lolote. Ukiwa umechomeka, fungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi na uandike powercfg /setactive SCHEME_MIN. Jina linachanganya: MIN hapa maana yake ni kuokoa umeme kwa kiwango cha chini kabisa, yaani kasi ya juu. Baadhi ya laptopu mpya hazina mpango huo. Kwa hizo, chagua Best performance kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Angalia pia namba ya GHz kwenye Task Manager wakati REGEN inaendelea. Ikianza na 4 na kushuka hadi 2 baada ya dakika chache, tatizo ni joto: safisha feni, inua laptopu juu ya meza. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari pale Dar es Salaam kinatosha kuipunguza kasi prosesa ya laptopu nyembamba.

La tatu linahusu prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12, cha mwaka 2021, ambazo nyingi zina viini vya aina mbili: vikubwa vya kasi na vidogo vya kuokoa umeme. Core i7-12700, kwa mfano, ina vikubwa 8 na vidogo 4, jumla nyuzi 20. Dirisha la AutoCAD likishushwa chini wakati kazi ndefu inaendelea, Windows inaweza kuliona kama kazi ya pembeni na kuisukuma kwenye viini vidogo. Dawa rahisi ni kutolishusha. Dawa ya nguvu ni kuifungua AutoCAD ikiwa imefungiwa kwenye viini vikubwa:

start "" /affinity FFFF "C:\Program Files\Autodesk\AutoCAD 2024\acad.exe"

FFFF inawakilisha nyuzi 16 za kwanza, namba 0 hadi 15, ambazo kwa kawaida ndizo za viini vikubwa kwenye prosesa hiyo. Hakikisha kwa idadi ya prosesa yako mwenyewe. Na kama prosesa yako haina viini vidogo, usiguse affinity hata kidogo: hapo unajifunga mikono tu.

La nne, kuipa acad.exe kipaumbele cha Realtime kwenye Task Manager, usifanye. Hakiongezi kiini hata kimoja, na kipanya na kibodi vinaweza kugoma.

Dirisha la pili la AutoCAD

Michoro mitano iliyofunguliwa kwenye vichupo vya dirisha moja inatumia acad.exe moja, na kimsingi uzi mkuu mmoja. Ukichapisha seti kwenye kichupo kimoja, vingine vyote vinangoja. Lakini ukifungua AutoCAD ya pili kutoka kwenye menyu ya Start (siyo kwa kubofya mara mbili faili la DWG, maana hilo kwa kawaida litaingia kwenye dirisha lililopo), Windows inaihesabu kama mchakato mwingine, wenye kiini chake. Ya kwanza inachapisha, ya pili unaendelea kuchora. Mpangilio utakaoubadilisha kwenye dirisha moja unaweza kufutwa na dirisha litakalofungwa mwisho, kwa hiyo fanya mabadiliko ya mipangilio ukiwa na dirisha moja tu.

Core Console: hapa ndipo viini vyote vinapofanya kazi

Tangu toleo la 2013, folda ya AutoCAD ina faili liitwalo accoreconsole.exe. Ni AutoCAD isiyo na dirisha wala vitufe: inafungua mchoro, inasoma skripti, inamaliza, inajifunga. Kwa kuwa ni nyepesi, unaweza kuendesha nne au nane kwa pamoja, kila moja na mchoro wake. Kazi ya michoro 120 inayochukua sekunde 20 kwa kila mchoro ni dakika 40 ikifanywa mmoja mmoja. Nne kwa pamoja, inakaribia dakika 10. Michoro haitegemeani, kwa hiyo p ya Amdahl hapa inakaribia asilimia 100.

Anza na skripti. Hii inasafisha mchoro na kurekebisha makosa. Iandike kwenye Notepad na uihifadhi kama C:\Michoro\safisha.scr:

-PURGE
A
*
N
-PURGE
A
*
N
-PURGE
R
*
N
AUDIT
Y
QSAVE

Usafi wa kwanza unarudiwa kwa sababu bloku iliyokuwa ndani ya bloku nyingine huonekana kuwa haitumiki baada tu ya ile ya nje kuondolewa. R ni ya Regapps, majina ya programu zilizowahi kugusa mchoro. Hayaondolewi na A, na kwenye michoro iliyopita ofisi nyingi yanaweza kuwa maelfu.

Kwenye skripti ya AutoCAD, nafasi tupu na mwisho wa mstari vyote ni Enter. Nafasi moja ya ziada baada ya N ni jibu kwa swali linalofuata. Mstari mtupu katikati hurudia amri iliyopita. Na baada ya QSAVE lazima ubonyeze Enter mara moja kwenye Notepad, la sivyo amri haitekelezwi na utashangaa michoro yote imesafishwa bila kuhifadhiwa.

Jaribu kwa mchoro mmoja, tena nakala, kwenye CMD:

"C:\Program Files\Autodesk\AutoCAD 2024\accoreconsole.exe" /i "C:\Michoro\jaribio.dwg" /s "C:\Michoro\safisha.scr" /l en-US

Soma yanayopita kwenye skrini. Jibu moja likikosewa, majibu yote yanayofuata yanaangukia maswali yasiyo yake, kwa hiyo tafuta mahali pa kwanza palipoharibika na usihangaike na pa mwisho.

Mmoja ukikubali, tumia PowerShell 7, dirisha la amri lenye uwezo zaidi ya CMD. Ile inayokuja na Windows ni 5.1 na haina -Parallel. Ukiona kosa linalolalamikia neno hilo, umefungua ya zamani. Tengeneza folda C:\Michoro\logi, kisha:

[Console]::OutputEncoding = [Text.Encoding]::Unicode
Get-ChildItem C:\Michoro\*.dwg | ForEach-Object -Parallel {
& "C:\Program Files\Autodesk\AutoCAD 2024\accoreconsole.exe" /i $_.FullName /s C:\Michoro\safisha.scr /l en-US | Out-File "C:\Michoro\logi\$($_.BaseName).txt"
} -ThrottleLimit 4

Mstari wa kwanza upo kwa sababu Core Console hutoa maandishi ya baiti mbili kwa herufi. Bila huo, logi inatoka na herufi zilizoachana na huwezi kutafuta neno ndani yake.

ThrottleLimit ndiyo idadi ya michoro inayoshughulikiwa kwa pamoja. Usiiache wazi, maana PowerShell itaweka 5 iwe inakufaa au la. Anza na idadi ya viini halisi, siyo nyuzi, ukitoa kimoja kwa ajili yako. Kisha angalia RAM: endesha mchoro mkubwa kuliko yote peke yake, tazama kwenye Task Manager accoreconsole ilifika kiasi gani kwa juu, na ugawe RAM iliyo wazi kwa kiasi hicho. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo yako. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia kwenye diski, na nane kwa pamoja zinakuwa taratibu kuliko mbili.

Diski nayo ina neno. Kwenye diski ya kuzunguka, michoro minne ikisomwa kwa pamoja, sindano inaruka huku na huko na faida inayeyuka. Nakili folda kwenye SSD ya ndani, fanya kazi, kisha rudisha. Hali kadhalika kwa michoro iliyo kwenye seva ya ofisi, ambako kuna kikwazo cha pili: mchoro uliofunguliwa na mwenzako utafunguka kwa kusomwa tu na QSAVE itashindwa. Faili la .dwl kando ya mchoro ni dalili kwamba kuna mtu ndani. Ukinakili folda, beba na michoro ya rejea (xref, iliyounganishwa ndani ya mchoro wako), maana Core Console haina dirisha la kukuuliza iko wapi.

Isiyoweza kufanywa kwenye Core Console ni kazi inayohitaji dirisha. AutoLISP ya kawaida inakwenda, lakini kazi zinazoanza na vla- hazifanyi kazi, kwa kuwa ActiveX, njia ya Windows ya kuendesha programu kutoka nje, haipo. LISP nyingi za kupakua mtandaoni zinazo, kwa hiyo fungua faili na utafute vla- kabla ya kulaumu skripti. Kwa kuchapisha PDF, tumia -PLOT: iendeshe kwa mkono ndani ya AutoCAD ya kawaida, andika kila jibu kwa mfuatano wake, kisha yageuze kuwa skripti. Maswali hubadilika kidogo kulingana na printa uliyochagua, ndiyo maana hatukuandikii moja hapa.

RENDER ni habari tofauti

Picha ya 3D hugawanyika yenyewe, kwa sababu nukta moja ya picha haingoji jirani yake. Toleo la 2016 lilibadilisha injini ya zamani ya mental ray, na injini iliyopo hujaza nyuzi zote bila kuombwa. Tatizo linageuka: kompyuta inakuwa nzito kwa mengine yote. Kwenye Task Manager, kichupo cha Details, bofya kulia acad.exe, Set priority, chagua Below normal. Picha itachelewa kidogo tu na utaendelea kusoma barua pepe.

Wanaotumia OpenSCAD

OpenSCAD ni programu ya kutengeneza maumbo ya 3D kwa kuandika msimbo. Toleo la 2021.01 hukokotoa umbo zima kwa uzi mmoja kupitia CGAL, maktaba ya hesabu za maumbo, na umbo lenye matundu mengi huchukua dakika kadhaa. Matoleo mapya ya majaribio yana injini ya Manifold inayotumia viini vingi; iwashe kwenye Preferences, kichupo cha Advanced, au ongeza --backend=manifold kwenye amri. Ukibaki na toleo la zamani kwenye Linux, gawa kwa faili kama tulivyofanya juu:

ls *.scad | xargs -P 4 -I{} openscad -o {}.stl {}

Kabla ya kununua

Autodesk kwa AutoCAD 2024 inapendekeza prosesa ya 3 GHz au zaidi kwa kasi ya kawaida na 4 GHz au zaidi inapojisukuma. Pendekezo hilo limeandikwa kwa GHz. Lisome hivyo unapotazama kompyuta za mitumba. Xeon E5-2680 v4 ina viini 14 na nyuzi 28, lakini inaishia 3.3 GHz. Core i3-12100 ina viini 4 tu na inafika 4.3 GHz, tena kwa muundo mpya zaidi. Kwa kuchora ramani za 2D siku nzima, i3 hiyo itakuacha ukiwa na furaha zaidi. Kwa RENDER na makundi ya Core Console, Xeon inaipita.

Na ukinunua ile yenye Xeon mbili kwenye ubao mmoja, angalia toleo la Windows kabla ya kulipa. Windows Home hutambua prosesa moja tu. Pro hutambua mbili. Kwenye Task Manager, ukurasa wa CPU, soma namba iliyo mbele ya Sockets. Ikiwa ni 1 na umeahidiwa mbili, nusu ya ulichonunua kitakuwa kinapasha chumba joto tu.